Kwa nini chumvi ya maji ya Dodoma huisikii tena?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama lishe, nauza chakula sokoni Majengo hapa Dodoma, nilihamia nikitokea Njombe. Mwanzoni chai ya huku ilinishinda kwa sababu maji yana chumvi. Siku hizi hiyo chumvi siisikii kabisa, ila wageni wanaofika mjini ndio wananiambia chai ina chumvi na supu imezidi. Jambo la pili, niliugua mafua makali. Chumvi na sukari nilizisikia vizuri, lakini mlenda na pilau sikuweza kuvitofautisha. La tatu, nikikata pilipili vidole vinawaka hadi usiku, na vidole havina ulimi. Mwili unajuaje hiki ni chumvi, hiki ni pilipili?"

Marahaba, mama. Nafundisha wanafunzi wa udaktari somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, na ningefurahi kila mwanafunzi angeuliza kama ulivyouliza wewe, maana mambo yako matatu yanatoka kwenye mzizi mmoja.

Seli za hisi hazijui chakula. Hazijui mlenda, hazijui chai. Kila seli ina protini zilizopachikwa kwenye utando wake wa nje, nazo tunaziita vipokezi. Molekuli yenye umbo au chaji inayofaa ikigusana na kipokezi, kipokezi kinageuka umbo kidogo, chaji ya umeme ndani ya seli inabadilika, na taarifa inapita kwenye neva kwenda ubongoni. Seli inachoweza kusema ni hicho tu: nimeguswa, au sijaguswa. Tena husema kwa nguvu zaidi pale hali inapobadilika kuliko pale inapobaki vilevile. Shika hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalojibu swali lako la kwanza.

Tuanze na chumvi. Ukiitia mdomoni inayeyuka kwenye mate na kuachana: sodiamu huku, kloridi kule. Lazima iyeyuke kwanza. Kausha ncha ya ulimi kwa kitambaa safi, uweke punje mbili tatu za chumvi, utaona zinakaa kidogo kabla hujasikia kitu. Sodiamu iliyoyeyuka ina chaji chanya. Kwenye ulimi kuna vifundo vidogo vya ladha, kila kimoja kikiwa na seli kati ya 50 na 100, na juu yake kuna kitundu ambacho ncha za seli hizo zinachungulia mateni. Baadhi ya seli zina njia nyembamba zinazoruhusu sodiamu kupita. Kwa hiyo chumvi haibishi hodi na kuondoka. Inaingia ndani ya seli yenyewe, na kuingia kwake ndiko kunakobadilisha umeme wa seli. Ladha nyingine, kama tamu na chungu, hazifanyi hivyo.

Sasa, mate yako hayakosi sodiamu hata kama hujala kitu. Seli zako zinaogelea humo mchana kutwa na hazilalamiki, kwa sababu kiasi hicho zimekizoea. Ili uisikie chumvi kwenye maji, sodiamu ya maji lazima ipite ile ambayo ulimi umeizoea muda huo. Hili limepimwa maabara tangu miaka ya 1960: mtu akisuuza kinywa kwa maji yenye chumvi kiasi fulani, baada ya muda mfupi haisikii tena, na utalazimika kumpa maji yenye chumvi zaidi ya hapo ndipo aseme anasikia. La kushangaza zaidi ni kwamba ukimpa maji yasiyo na chumvi kabisa baada ya hapo, atasema yana uchungu au ukali kidogo. Usishangae basi ukienda nyumbani Njombe, ukanywa maji ya chemchemi yaliyokulea, ukahisi yana ladha ngeni.

Utaniuliza, hayo ni mambo ya dakika chache, mbona mimi ni miaka? Kuna jambo la pili linaungana nalo. Seli za ladha haziishi muda mrefu, nyingi hufa na kubadilishwa ndani ya siku kumi hadi wiki mbili hivi. Zile zilizokuja na wewe kutoka Njombe zilikufa zamani. Zilizopo sasa zimezaliwa hapa, zikioshwa na chai ya hapa na uji wa hapa tangu siku ya kwanza. Juu ya hayo ubongo nao hupanga upya matarajio yake. Watu waliopunguziwa chumvi kwenye chakula kwa ajili ya utafiti walinung'unika mwanzoni, lakini baada ya miezi miwili hadi mitatu chakula chao cha zamani wakakiona kimezidi chumvi. Safari hiyo inakwenda pande zote mbili. Wewe umeifanya ya kupanda.

Ndiyo maana wageni wako wana haki. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwa wastani watu huanza kuisikia sodiamu ikifika takriban miligramu 200 kwenye lita moja ya maji. Visima vingi vya huku kwetu vinajulikana kwa chumvi, na mgeni aliyeshuka basi leo ulimi wake bado unapima kwa mizani ya alikotoka. Wewe unachemsha supu kwa maji ambayo tayari yana chumvi usiyoisikia, kisha unaongeza chumvi mpaka ulimi wako uridhike. Mteja anakunywa zote mbili.

Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu unalisha watu wengi kila siku. Shirika hilohilo linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa na iliyomo kwenye mkate na kila kitu. Shinikizo la damu haliwashi wala haliumi, na wateja wako wengi hawajui kama wanalo. Acha kuuamini ulimi wako kwa jambo hili. Pima chumvi kwa kijiko, kijiko kilekile kwa sufuria ileile, na uanze chini ya unavyofanya sasa. Weka chumvi mezani ili anayetaka aongeze. Ukitaka muonjaji, usimchukue msaidizi wako anayekunywa maji ya ndoo moja na wewe.

Ladha nyingine nitazipita haraka. Ukali wa ubuyu, ukwaju na zabibu mbichi unatokana na asidi, na asidi huachia ioni za haidrojeni ambazo nazo huingia kwenye seli kupitia njia yake maalumu. Njia hiyo ilithibitishwa mwaka 2018 tu, ingawa watu wamekula ubuyu tangu enzi na enzi. Utamu wa sukari hupokelewa na protini mbili zinazofanya kazi pamoja. Kwa paka, mojawapo ya protini hizo imeharibika, ndiyo maana hana haja na keki. Utamu wa mchuzi wa nyama, wa dagaa, wa nyanya iliyokolea, ule unaokufanya ulambe kidole, una kipokezi chake pia. Mjapani Kikunae Ikeda aliutaja mwaka 1908 kuwa ladha inayojitegemea, baada ya kutoa glutamati kwenye supu ya mwani.

Uchungu una vipokezi vya aina karibu 25. Sukari inatosheka na jozi moja, uchungu unahitaji vyote hivyo, kwa sababu sumu za mimea ni nyingi na hazifanani. Mwili haukutaka hata moja ipite bila kuulizwa.

Ukakasi wa ganda la zabibu zetu, au wa divai nyekundu, si ladha hata kidogo. Tanini iliyomo hunasa protini za mate, mate yanapoteza utelezi, na kinachohisiwa ni ulimi kukwaruzana na kaakaa.

Na kama mtoto wako ameletewa shuleni ule mchoro wa ulimi uliogawanywa, tamu mbele, chungu nyuma, chumvi pembeni, mwambie si kweli. Ulitokana na utafiti wa Kijerumani wa mwaka 1901 uliosomwa vibaya baadaye. Vifundo vya ladha vya sehemu zote za ulimi vinaweza kusikia ladha zote. Tofauti zipo, lakini ni ndogo mno. Nawaomba walimu wenzangu wauache mchoro huo. Hauhitaji maabara kuukanusha: weka sukari nyuma ya ulimi.

Sasa mafua. Mafua hayakugusa ulimi wako, na ushahidi umeutoa mwenyewe: chumvi na sukari ulizisikia. Kilichofungwa ni pua. Sehemu kubwa sana ya kile tunachokiita ladha ya chakula ni harufu, na harufu hiyo haiingii kwa matundu ya mbele peke yake. Unapotafuna na kumeza, mvuke wa chakula hupanda kutokea nyuma ya koo hadi juu ndani ya pua. Huko juu kabisa, karibu usawa wa macho, kuna kipande cha ngozi laini chenye ukubwa wa sentimita chache za mraba, na humo kuna seli za harufu kwa mamilioni. Hizi ni neva zenyewe. Upande mmoja zimetoa vinyweleo kwenye ute wa pua, upande wa pili zimeingia moja kwa moja kwenye ubongo kupitia vitundu vya mfupa. Hakuna sehemu nyingine ya mwili ambako ubongo umesogea karibu hivyo na hewa ya nje.

Jaribu hili leo. Ziba pua kwa vidole, tafuna punje za iliki. Utahisi ugumu wake, pengine ukali kidogo, basi. Achia pua ukiwa bado unatafuna, na iliki itakuja yote kwa mara moja. Ulimi haukubadilika, njia ya nyuma ndiyo imefunguka.

Namna pua inavyotambua vitu vingi hivyo ilieleweka baada ya Linda Buck na Richard Axel wa Marekani kugundua, mwaka 1991, familia kubwa ya jeni za vipokezi vya harufu. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu tuna aina kama 400 za vipokezi hivyo vinavyofanya kazi, na kila seli ya harufu hubeba aina moja tu. Hakuna kipokezi cha mlenda. Hakuna kipokezi cha pilau. Molekuli moja ya harufu hugusa vipokezi kadhaa, na kipokezi kimoja huguswa na molekuli kadhaa, kisha ubongo husoma mchanganyiko. Ni kama herufi: tunazo 24 tu kwa Kiswahili, lakini maneno hayana mwisho. Pilau yako ni neno refu sana, lina mdalasini, karafuu, bizari, kitunguu kilichokaangwa hadi kikageuka rangi, na nyama. Mafua yakiziba njia, herufi hazifiki. Unabakiwa na chumvi, mafuta na joto, na ndiyo sababu pilau na mlenda vilifanana.

Wanyama wengine wana herufi nyingi kuliko sisi. Panya wa kawaida wana aina elfu moja na zaidi, na tembo wa Afrika anakaribia 2,000. Jirani zetu wa Morogoro wamelitumia hilo vizuri: shirika la APOPO, lililoko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Najivunia sana kazi hiyo kufanyika nchini mwetu.

Pua nayo huzoea kama ulimi, tena kwa haraka zaidi. Seli ya harufu ikisisimka, kalsiamu huingia ndani yake, na kalsiamu hiyohiyo hugeuka kuifunga njia iliyoingilia. Ukisimama juu ya sufuria ya pilau nusu saa, hutaisikia tena. Toka nje, vuta hewa, rudi, ndipo uonje.

Je, kama mafua yameisha na harufu haijarudi? Mara nyingi seli hizo huota upya, kazi inayochukua wiki kadhaa hadi miezi. Wakati wa UVIKO-19 watu wengi walipoteza harufu ghafla, na ilionekana kwamba kirusi kilikuwa kinashambulia zaidi seli zinazozitunza neva za harufu kuliko neva zenyewe, ndiyo maana wengi walipona. Kuna mazoezi yaliyofanyiwa utafiti Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2009: kunusa harufu nne, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni kwa wiki 12, kila moja kwa sekunde chache, ukiwa umetuliza akili kwenye harufu hiyo. Karafuu unayo jikoni, limau liko sokoni, majani ya mkaratusi yanapatikana. Hayamfai kila mtu, ila hayana gharama wala madhara, nami huyashauri.

Tuje kwenye vidole vyako. Pilipili haionjwi, inauma. Ndani yake kuna kapsaisini, na kapsaisini haina shughuli na vifundo vya ladha. Inagusa kipokezi kilichoko kwenye ncha za neva za maumivu, na neva hizo zimetapakaa mwili mzima: ngozini, machoni, puani, mdomoni, hata mwisho wa utumbo, kama wapenda pilipili wanavyojua asubuhi yake. Kazi halisi ya kipokezi hicho ni kuonya juu ya joto linaloanza kuunguza, takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Kapsaisini hukifungua bila joto lolote. Ubongo unapokea taarifa ileile ya moto, na kwa upande wake hauna njia ya kujua kwamba hakuna moto. David Julius na wenzake walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, naye akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021.

Ngozi ya vidole ni nene, kapsaisini hupenya taratibu, ndiyo maana inakuja kuwaka jioni na kukaa hadi usiku. Maji peke yake hayasaidii kwa sababu haiyeyuki vizuri kwenye maji. Inayeyuka kwenye mafuta. Jipake mafuta ya kupikia, sugua, kisha osha kwa sabuni nyingi, urudie. Mdomoni, maziwa ya mgando yanafanya kazi nzuri kuliko glasi yoyote ya maji, na huku Ugogo hayajawahi kuwa shida kupatikana. Ila bora zaidi ni kuvaa glavu, au mfuko safi wa nailoni, kabla ya kukata. Na usiguse macho ya mtoto.

Ndege hawaisikii pilipili. Kipokezi chao kinaitikia joto lakini kapsaisini hakiijali, kwa hiyo hula tunda na kuzipeleka mbegu mbali bila kuzisaga. Mnanaa nao una mchezo kama huo kwa upande wa pili: mentoli yake hufungua kipokezi cha baridi, ukahisi ubaridi ambao haupo.

Kuna jambo hukuuliza, na sitaweza kufunga jibu bila kulisema, kwa sababu unapikia mkaa.

Seli zinazonusa kemikali hazipo mdomoni na puani tu. Pale shingoni ambapo mshipa mkubwa wa damu hugawanyika, kila upande, kuna kifundo kidogo kinachopima oksijeni kwenye damu. Corneille Heymans wa Ubelgiji alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha kazi yake. Ndani ya shina la ubongo kuna seli nyingine zinazopima hewa ya ukaa inayotokana na pumzi zetu. Ukibana pumzi, kile kiherehere cha kutaka kuvuta hewa huletwa zaidi na hewa ya ukaa inayolundikana, kuliko na upungufu wa oksijeni.

Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Pua haina kipokezi chake, kwa hiyo haina harufu. Haina ladha. Haiwashi macho. Inaishika himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka bila kubeba kinachotakiwa. Kile kifundo cha shingoni hupima oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu, na hiyo haipungui sana, kwa hiyo hakipigi kelele. Hewa ya ukaa haijalundikana, kwa hiyo ubongo nao umetulia. Mtu anasikia kichwa kizito, kichefuchefu, usingizi, na analala. Walinzi wote niliokueleza hapa wamepitwa, na hakuna hata seli moja iliyoguswa.

Usiku wa Juni na Julai hapa Dodoma baridi ni kali, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani baada ya moshi kuisha, wakidhani hatari ilikuwa moshi. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoendelea kutoa gesi hiyo. Jiko libaki nje. Hata likikaribia kuzima, libaki nje. Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa kwanza, kisha mkimbize hospitali hata kama ameamka na anasema yuko sawa.

Gesi ya mitungi ni tofauti. Yenyewe haina harufu ya maana, lakini viwandani huongezewa kemikali yenye salfa ambayo pua huinasa hata ikiwa kidogo mno hewani. Ulinzi huo unakutegemea wewe uwe na pua inayofanya kazi. Kwa hiyo siku za mafua, kabla ya kuwasha jiko la gesi alfajiri, mwite mtu mwenye pua nzima anuse kwanza. Na kama umepona mafua, mwezi ukapita na bado husikii harufu ya kitunguu kinachokaangwa, au upande mmoja tu wa pua ndio umeziba na unatoa damu, usiendelee kusubiri. Nenda hospitali ya rufaa, uulize daktari wa masikio, pua na koo.